Umenunua Tairi ya Kupanda au ya Kusimama?

Wale mlikuwa hapa Krismasi ya 2023 mnakumbuka ile video. Gari yangu, Fielder ya kawaida tu, inapanda kilima cha kwetu upande wa Kiabonyoru, matope mekundu yanaruka hadi kwa vioo, na majirani wamejipanga kando ya njia wakishangilia utadhani ni Safari Rally. Magari ya wageni waliotoka Nairobi yote yalikuwa yameachwa sokoni. Mimi niliingia mpaka mlangoni kwa Mama. Chini ya video nikaandika maneno mawili: "Siri? Tairi."

Watu wengi waliniuliza nilizinunua wapi, na najua wengine walienda wakanunua kama hizo. Ndiyo maana naandika leo. Nilikosea, na kosa lenyewe nusura lituue. Kama wewe ni mmoja wa wale walionisikiza, tafadhali soma mpaka mwisho.

Ilikuwa Aprili 2024, ile masika ya mafuriko. Nilikuwa nimempeleka Mama kliniki Kisii mjini. Asubuhi jua lilikuwa kali, lakini mtu wa huku anajua hiyo si ahadi. Saa nane mawingu yanajaa juu ya Manga, saa tisa mvua imemwagika, saa kumi na moja jua limerudi kana kwamba hakuna kitu kilifanyika. Tulitoka Kisii ikinyesha. Tukipita Nyamira mjini ilikuwa imepungua, manyunyu tu. Lami ilikuwa inang'aa.

Kuna mteremko mmoja mbele huko ambapo lori za majani chai hutoka kwa barabara ya udongo zikaingia lami, zikiburuta matope kwa magurudumu. Sikuwa nakimbia. Sindano ilikuwa kati ya 60 na 70, na nyuma yangu kulikuwa na Probox inanipigia honi ikidhani nimelala. Mbele yangu boda ikasimama ghafla, karibu katikati ya njia, kushusha msichana wa shule. Nikakanyaga breki.

Pedali ilitetemeka chini ya mguu. Breki zilifanya kazi yake yote, na bado gari ikaendelea kushuka kama sahani iliyopakwa sabuni. Nilikata stiaringi kuelekea mtaroni. Tulimpita yule msichana kwa upana wa mkono mmoja. Niliona begi lake la manjano, nikaona kamba moja ya begi imeshikiliwa na pini. Halafu gari ikaingia mtaroni ikaegemea shamba la chai, na kukawa kimya.

Hakuna aliyeumia. Vijana wa boda walitutoa kwa kamba, wakakataa hata pesa ya soda. Mama hakusema neno njia yote, alishikilia tu bahasha ya hospitali kifuani. Tulipofika nyumbani, akiwa bado ameketi ndani ya gari, aliniambia polepole kwa Ekegusii: "Krismasi hizi tairi zilikuleta kwangu. Leo zilitaka kunipeleka kwa baba yako."

Baba alizikwa nyuma ya hiyo nyumba mwaka wa 2017.

Kesho yake nilienda kwa fundi mmoja wa tairi Daraja Mbili, mzee ambaye ameziba pancha kabla sijazaliwa. Nilimweleza yote. Hakugusa breki wala hakufungua boneti. Aliinama kwa gurudumu la mbele, akapangusa matope kwa kiganja, akaniuliza:

"Kijana, unajua kusoma?"

"Ndiyo, mzee. Nimesoma mpaka chuo."

"Basi soma hapa."

Kwa ubavu wa tairi kulikuwa na neno STUDLESS. Kando yake, mchoro mdogo wa mlima wenye vilele vitatu na ndani yake kitu kama ua. Mbele kidogo, tarakimu nne: 3113.

"Hiyo si ua," mzee akasema. "Hiyo ni theluji. Mwanangu, umeendesha mama yako na tairi ya barafu, na imezaliwa 2013."

Sasa hebu niwaeleze nilichojifunza tangu siku hiyo, kwa sababu nimekuwa nikisoma tairi za watu kila mahali, mpaka kwa maegesho ya kanisa.

Zile tairi nilinunua za mtumba, shilingi 3,200 kila moja. Aliyeniuzia aliniambia ni za matope, na ukiziangalia ungemwamini. Zina meno makubwa, na kila jino limechanjwa mistari midogo kama ya wembe. Kumbe ni tairi za baridi kali za Japani. Kule wanazivaa majira ya theluji, halafu wanazivua joto likirudi. Mpira wake umetengenezwa uwe laini hata wakati wa baridi inayokaribia kugandisha maji. Wataalamu wa tairi hutumia nyuzi 7 kama mpaka: chini ya hapo tairi ya baridi ndiyo hushika vizuri, juu ya hapo inaanza kulegea. Sasa niambie ni mchana upi Nyamira tumewahi kuona nyuzi 7. Hata ile baridi ya Nyansiongo ya mwezi wa saba, yenye watu wanavaa sweta mbili kuchuma chai, ni joto kwa huo mpira. Ukishuka nayo Oyugis, Sondu mpaka Ahero, pale jua linachemsha lami, meno yake yanapinda kama mandazi moto na kuisha haraka.

Yaani ile tairi iliyonisaidia kwa tope la kilomita moja unusu haikuwa imetengenezwa kwa kilomita nyingine zozote za siku yangu.

Na hapa ndipo maoni yangu yalipo. Sisi Wakisii tunachagua tairi kwa aibu. Ndiyo, nimesema. Tunachoogopa zaidi ni kukwama kwa lango la kwetu, watu wanatazama, wazee wanatikisa vichwa, vijana wanaitisha mia mbili mia mbili za kusukuma. Kwa hivyo tukienda dukani swali letu ni moja: "Hii inaweza kupanda?" Sijawahi kusikia mtu akiuliza, "Hii inasimama kwa mita ngapi lami ikiwa imelowa?" Na hilo ndilo swali linalobeba uhai wa watu. Tope hukuchafua, hukuchelewesha, hukuchekesha majirani. Lami iliyolowa kwa mteremko haikuachi urudi kusimulia kila mara. Wahenga walimaliza kitambo: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.

Tangu 2021 kila mwaka nchi hii imezika zaidi ya watu 4,000 waliokufa barabarani, hiyo ni hesabu ya NTSA. Sisemi wote waliuawa na tairi. Nasema tu kwamba tairi ni kitu pekee cha gari kinachogusa barabara, na kila moja inagusa kwa kipande kisichozidi sana kiganja cha mkono wako. Viganja vinne. Breki, stiaringi, maombi ya Mama, zote zinapitia hapo.

Halafu kuna hili neno ambalo wauzaji wanalipenda: "Hii ni tairi ya misimu yote." Misimu ya nani? Aliyebuni hilo jina alikuwa na mvua, jua na theluji akilini. Herufi M+S unazoziona kwa tairi nyingi maana yake ni matope na theluji, lakini mtengenezaji anaziweka mwenyewe kwa sababu ya umbo la meno tu. Ule mchoro wa mlima wenye theluji ndio unaodai tairi iwe imepimwa kwa theluji kweli. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kinachokuambia chochote kuhusu mteremko uliolowa mvua ya saa tisa. Na hata kiwanda cha Nairobi kilichokuwa kikitengeneza tairi za Yana kilifungwa 2016, kwa hivyo tairi mpya tunazonunua siku hizi karibu zote zimebuniwa na kupimwa mbali na hapa. Kazi ya kujua misimu yetu ni yetu.

Misimu yetu ni ipi? Huku Kisii na Nyamira tunapata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Masika ni Machi hadi Mei, mvua ingine inazidi kuanzia Septemba hadi Novemba, na katikati bado hakuna mwezi ambao mvua imetusahau kabisa. Kwa hivyo siku moja ya kawaida inaweza kuwa na ukungu asubuhi, lami kavu yenye joto saa sita, mvua ya mawe saa tisa, na udongo mwekundu jioni. Siku mbaya kuliko zote si hata ile ya mvua kubwa. Ni ile mvua ya kwanza baada ya wiki mbili za jua, kwa sababu mafuta ya magari na vumbi vilivyokuwa vimekauka kwa lami vinachanganyika na maji ya kwanza vikawa utelezi. Dereva anaona ni matone tu, hapunguzi mwendo.

Kwa hivyo tairi ya kuzunguka kila mahali, kwa mtu wa huku, unaichagua namna gani? Hivi ndivyo nilivyofanya mimi.

Kwanza, nilihesabu. Wiki nzima niliandika kilomita zangu kwa daftari. Kila siku naenda kama 60 kwenda na kurudi. Kati ya hizo, lami ni 57, udongo ni 3. Fanya hiyo hesabu kabla hujaongea na muuzaji yeyote, kwa sababu yeye atakuuzia tairi aliyo nayo, na wewe unataka tairi ya barabara yako. Kama 57 kati ya 60 ni lami, na hiyo lami imelowa nusu ya mwaka, unatafuta tairi ya lami inayojua maji.

Pili, angalia mifereji. Tairi ya maji ina mifereji mirefu, mipana, inayozunguka tairi yote bila kukatika, mitatu au minne, na mingine midogo inayotoka hapo kwenda kando. Kazi yake ni kunyonya maji kutoka chini ya tairi na kuyatupa nje. Ikishindwa, tairi inapanda juu ya maji, inaelea, na hapo stiaringi inakuwa nyepesi kama ya kuchezea. Meno makubwa yenye nafasi pana kama ya trekta yanatema tope vizuri, lakini kwa lami yanagusa kidogo, yanapiga kelele, yanakula mafuta, na breki inachelewa kushika.

Tatu, uliza kibandiko. Tairi nyingine mpya zinakuja bado zimebandikwa lebo ya Umoja wa Ulaya. Ina picha ya wingu la mvua na herufi kutoka A hadi E. Hiyo ni breki kwa barabara iliyolowa, A ikiwa bora. Tafuta A au B. Kama muuzaji ameitoa, mwambie akutafutie jina kamili la tairi uende uisome mwenyewe kwa simu. Usione haya. Ni pesa yako.

Nne, soma tarehe. Mwisho wa maandishi ya DOT kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yangu ilikuwa 3113, yaani wiki ya 31 ya 2013. Mpira unazeeka hata ukiwa umekaa dukani. Kampuni kubwa za tairi husema baada ya miaka 5 zikaguliwe kila mwaka, na zikifika 10 zitolewe hata kama meno yanaonekana mazuri. Zangu zilikuwa zimepita 10 na mimi nilikuwa nazisifu kwa video.

Tano, pima kina. Tairi mpya ya gari ndogo huwa na kama milimita 8. Ndani ya mifereji kuna vidaraja vidogo vya mpira. Meno yakilingana na hivyo, umebaki na milimita 1.6, hiyo ni kipara, toa. Lakini kwa mvua yetu usingoje hapo. Chini ya milimita 3 breki kwa maji inaharibika haraka sana. Mzee wa Daraja Mbili anatumia njiti ya kiberiti: anaingiza kichwa ndani ya mfereji, na kikibaki kimechungulia nje, anakwambia uanze kuchanga pesa.

Sita, namba na uzito. Gari yangu inavaa 185/70R14 88. Hiyo 185 ni upana kwa milimita, 70 ni asilimia ya urefu wa ubavu ukilinganisha na upana, 14 ni rimu, na 88 inamaanisha kila tairi inabeba kilo 560, si zaidi. Ndugu zangu wa Probox, hapa nawaongelea nyinyi. Nawapenda, mmebeba hii Gusii mgongoni, mnabeba watu, ndizi, magunia ya kabeji na mbuzi safari moja. Lakini tairi ya gari la familia haikutengenezewa huo mzigo. Tafuta zile zenye ubavu mgumu, zimeandikwa LT au C, na usiruhusu mtu akufunge laini eti kwa sababu rimu inaingia.

Saba, na hii watu wengi wananibishia: ukinunua mbili tu, mpya zinaenda nyuma. Najua, kila mtu hapa anaweka mpya mbele kwa sababu injini inavuta mbele. Sababu ni hii. Za mbele zikiteleza, gari inaenda moja kwa moja, unaachilia mafuta, inarudi. Za nyuma zikiteleza kwa kona, gari inazunguka, na kwa barabara zetu ukizunguka unaelekea kwa lori au kwa bonde. Kampuni za tairi zenyewe zinashauri hivyo. Lakini kama za mbele zimefika kipara, hiyo si hesabu ya mbili tena, nunua nne.

Na presha pimeni tairi zikiwa baridi, kwa namba iliyo kwa kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Sijui ni nani alitufundisha kutoa upepo ndio gari ishike tope halafu tunasahau kurudisha. Tairi yenye upepo kidogo inachemka, inakula kando, na kwa maji mifereji yake inajifunga.

Sasa najua kuna mtu tayari ameudhika. Ataniambia, "Wewe unaongea hivyo kwa sababu kwenu ni kilomita moja unusu za tope. Kwetu ni saba. Mke wangu akishikwa na uchungu saa nane usiku, hizo tairi zako za lami zitatufikisha wapi?"

Hilo swali sina ujanja wa kulikwepa, kwa sababu ni la kweli. Tope pia linaua, kwa njia yake ya polepole. Kama daftari lako linasema nusu ya safari zako ni udongo, wewe si mtu wa tairi yangu. Kama una X-Trail, Forester au pikapu, kuna tairi za katikati zinazoandikwa A/T, za lami na udongo. Nunua hizo, lakini angalia kama zina sifa nzuri ya breki kwa maji, na ukubali kwamba kwa lami utashuka mteremko polepole kuliko jirani. Zile za M/T, zenye meno kama msumeno, waachie wenye kazi ya kuingia msituni. Na kwa gari ndogo kama yangu, A/T za saizi hiyo ni nadra kupata. Ukiona muuzaji amekuletea tairi ya saizi ndogo yenye meno makubwa kwa bei ya kutupa, geuza ubavu uangalie kama kuna mlima na theluji.

Lakini pia niulize: kwa nini jibu la barabara mbaya liwe ni kila mtu kujinunulia tairi yake? Baada ya ile ajali tulikaa na majirani watano, wengine ni wale wale walionishangilia. Mahali gari hukwama kwa kweli ni pamoja tu, kama mita 40, pale maji ya mvua hukatiza njia. Tulichanga, tukanunua mawe lori mbili, tukachimba mtaro maji yapite kando. Wazee walitoa kazi, vijana walitoa nguvu, Mama alipika obokima na chinsaga. Pesa niliyotoa mimi haikufika bei ya tairi moja mpya. Siku hizi hata boda wanapita. Siwaachii serikali deni lao, barabara bado ni kazi yao na tunaendelea kuwakumbusha. Ila mtaro haukungoja kampeni.

Na siku ambayo mawe yenyewe yamezidiwa, naacha gari sokoni. Kwa buti nina gambuti, mwavuli na tochi. Natembea dakika ishirini. Mara ya kwanza niliona aibu, mtu wa video anatembea kwa tope. Sasa hivi nasalimia watu tu.

Tuongee pesa, kwa sababu najua ndiyo inasukuma wengi kwa mtumba, na hata mimi ilinisukuma. Zile nne za mtumba zilinigharimu 12,800. Nilizifunga Novemba 2023, nikazitoa Mei 2024, zimetembea kama kilomita 8,000. Gawanya: shilingi 1.60 kila kilomita. Nne mpya zilinigharimu 34,000, nikachukua miezi miwili kuchanga, na hiyo miezi nilipanda matatu. Leo zimefika kilomita 25,000 na meno yamebaki zaidi ya nusu. Zikifika 40,000, itakuwa senti 85 kwa kilomita. Yaani zile za bei rahisi zilikuwa karibu mara mbili ghali, na hapo sijahesabu bampa niliyobadilisha.

Simdharau mtu wa mtumba. Kuna siku mfukoni una elfu tatu na tairi imepasuka Keroka usiku, utanunua iliyopo, hata mimi nitanunua. Lakini usinunue bila kusoma. Tarehe, theluji, kina, uzito. Ni dakika mbili na tochi ya simu.

Ile video ya Krismasi nimeitoa. Kuna wale watasema naharibu historia, lakini kila mtu aliyeitazama alikuwa anafundishwa kitu kibaya na mimi ndiye nilikuwa mwalimu.

Wiki jana nilipita ule mteremko tena, saa kumi jioni, mvua ya kwanza baada ya siku kumi za jua. Lori la chai lilikuwa limeacha matope kwa lami kama kawaida. Kulikuwa na watoto wa shule wanavuka. Nilikuwa kwa 40. Nikagusa breki, gari ikasimama mbali nao, mbali kabisa, nikawapungia mkono wavuke. Mama alikuwa kando yangu. Aliangalia nje, akaangalia mguu wangu, akarudi kwa simu yake.

Sasa toka nje na tochi. Soma zako, halafu uniambie umepata nini.